Mbao Inacheza: Milango 14 ya Pangani Ilivyonifundisha Kazi Upya

Simu iliingia katikati ya Aprili, mvua imeshika Tanga nzima. "Fundi, kuna mgeni amefungiwa chumbani. Mlango umegoma tangu alfajiri." Aliyepiga ni mama mwenye nyumba ya wageni kule Pangani. Mwezi wa kwanza nilikuwa nimemfungia milango 14, madirisha ya mbao 22 na sakafu ya kibaraza kinachotazama bahari. Nilichukua pikipiki, randa ya mkono na patasi mbili, na njia nzima nikawa najipa moyo kwamba bawaba zimelegea.

Bawaba zilikuwa salama. Mlango wenyewe ndio ulikuwa umevimba, umeuma fremu juu, chini na ubavuni. Tulimtoa mgeni kwa kung'oa pini za bawaba. Kisha nikapita chumba kwa chumba, na katika milango 14, tisa ilikuwa haifungi au haifunguki. Yule mama hakunigombeza. Alisimama na kanga yake begani akaniuliza swali moja, "Mwanangu, hii mbao uliikausha?" Nikamjibu ndiyo. Sikuwa namdanganya, kwa sababu wakati ule niliamini mbao ikishaacha kulowesha mkono imekauka.

Nimefanya useremala miaka 19. Naandika haya kwa sababu makosa niliyofanya kwenye kazi ile nayaona yakifanyika kila wiki, kuanzia Tanga mpaka Mtwara, na yanakula hela za mafundi wengi kimya kimya.

Nianze na nilivyofanya. Mbao zilikuwa paini za Mafinga, nilizozipokea Novemba kutoka kwenye lori, mbili kwa sita na moja kwa nane. Mninga ungetosha kazi ile bila shaka yoyote, lakini bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili na nusu ya paini na mteja hakuwa nayo. Nikaziegemeza ukutani karakanani wiki tatu. Desemba nikapiga randa, nikaunga, nikapiga varnishi mikono mitatu. Januari nikafunga. Februari, kaskazi ikivuma na jua likiwaka, paneli, zile mbao pana zinazojaza katikati ya fremu ya mlango, zikaanza kuachia nyufa na milango miwili ikajisokota kama jani la mgomba lililokauka. Nikaenda nikaziba nyufa kwa gundi na unga wa mbao. Masika ilipoingia mbao ikarudi kuvimba, ikakuta nafasi yake nimeijaza, ikasukuma fremu. Siku ile ya Aprili nikaongeza kosa la tatu: niliiranda milango ikiwa imevimba mpaka ikafunga vizuri. Unaweza kukisia yaliyotokea Januari iliyofuata. Mwanga wa korido ulikuwa unapita kwenye mianya ya milango ya vyumba vya watu waliolipia faragha yao.

Nilirudia milango yote 14 kwa gharama yangu. Shilingi 2,300,000 za mbao, gundi, varnishi na nauli, bila kuhesabu siku zangu. Ada ya shule ya muhula ule nilikopa kwa shemeji.

Kabla ya kuirudia nilikwenda kukaa na mzee mmoja fundi wa majahazi, ng'ambo ya mto Pangani, kwa sababu nilijiuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza zamani: kama mbao ikikutana na maji inaharibika hivi, mashua zinaishije? Nilimkuta akifanya kalafati, anasukuma pamba katikati ya mbao kwa patasi butu. Aliniambia, "Chombo kikikaa juu mwezi mzima wa jua, ukikishusha majini kinavuja kama kung'uto. Hakijaharibika hicho, kina kiu. Kiache kinywe, siku mbili tatu kinajifunga chenyewe." Akanionyesha pipa la sifa, yale mafuta ya papa yenye harufu inayokufuata mpaka nyumbani, wanayopaka mbao za juu ili jua lisizinyang'anye maji yake haraka. Chini ya maji wanapaka shahamu, mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa, kwa ajili ya wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao.

Neno lile "kina kiu" lilinifungua macho. Mbao inakunywa na kutema hewa yenye unyevu maisha yake yote, hata ikiwa na miaka mia ukutani. Wazee wa pwani walilijua hilo wakajenga kwa kulifuata. Mimi nilijenga kwa kulikataa, nikitegemea varnishi, na varnishi inachelewesha tu. Inapitisha mvuke polepole, na masika ni ndefu ya kutosha kuisubiri.

Jamaa yangu mmoja aliyesoma Chuo cha Viwanda vya Misitu kule Moshi ndiye aliyenipa namba. Alinifundisha kipimo ambacho hakihitaji mashine. Kata kipande cha mbao kutoka katikati ya ubao, usichukue ncha kwa sababu ncha hukauka kwanza. Kipime kwa mizani ya jikoni. Kiweke kwenye oveni, nyuzi 103, mpaka uzito uache kushuka. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa mwanzo, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa mia. Nilifanya hivyo kwenye oveni ya mke wangu na kipande cha shehena mpya ya muuzaji yuleyule. Kiliingia na gramu 412, kesho yake kikatoka na gramu 309. Asilimia 33.

Nilikaa chini jikoni. Mbao inaanza kusinyaa unyevu wake ukishuka chini ya asilimia 28 hadi 30 hivi. Juu ya hapo maji yanayotoka ni yale yaliyojaa kwenye mashimo ya chembe za mbao (seli) tu, umbo halibadiliki. Maana yake mbao niliyoiranda Desemba ile, kama ilifanana na hii, haikuwa hata imeanza kusinyaa. Nilikuwa nimeunga milango kwa kipimo ambacho mbao yenyewe ilikuwa bado haijakiamua.

Nikanunua kipima unyevu cha sindano mbili, shilingi 75,000, Kariakoo. Hakuna kifaa karakanani kwangu kilichonirudishia hela haraka kama hicho. Ndani ya karakana yangu Tanga, mbao iliyokauka kadiri hewa ya hapa inavyoruhusu hutulia kwenye asilimia 15 mpaka 17. Haitashuka zaidi hata ukiiweka mwaka.

Na hapo nikafanya kosa jingine, safari hii nikiwa na kipima mkononi. Mteja wa Dodoma aliagiza milango ya mbao zilizogundishwa ubavu kwa ubavu, upana sentimita 80. Niliikausha vizuri mpaka 16, nikaitengeneza nikijivunia. Miezi minne baadaye akanitumia picha: ubao umepasuka katikati kwenye milango mitatu. Hewa ya Dodoma wakati wa kiangazi inaishusha mbao mpaka 10 hivi. Paini iliyopasuliwa kwa upande wa pete zake husinyaa karibu robo asilimia kwa kila asilimia moja ya maji inayotoka. Tofauti ya sita ni asilimia moja na nusu. Kwa sentimita 80 hiyo ni milimita 12. Mimi nilikuwa nimeibana ile mbao kwa skrubu kwenye vipande vya kukatiza mgongoni, haina pa kwenda, ikapasuka. Jamaa wa Moshi aliponieleza kwamba mbao husinyaa kwa upana wa pete karibu mara mbili ya inavyosinyaa kuelekea moyo wa mti, na kwa urefu haibadiliki karibu kabisa, nilielewa kwa nini ubao hujikunja na kwa nini paneli inatakiwa kuelea kwenye mfereji wake bila gundi. Fundi aliyenifundisha alisema paneli haigundishwi. Hakusema kwa nini, na mimi baada ya miaka kadhaa nikawa naigundisha "iwe imara".

Siku hizi mlango wa Dodoma naukausha kwenye chumba cha bati jeusi na karatasi la nailoni, chenye feni, mpaka 11. Nikimaliza naufunga kwa nailoni mpaka siku ya kufunga bawaba.

Lakini kukausha hakuondoi kiu. Kunaiweka mbao mahali pa kuanzia tu. Kibaraza cha Pangani kilikuwa bado kinajikunja kila msimu, na sehemu moja karibu na bomba la maji kilikuwa kimeanza kuoza, kidole kinazama. Hapo ndipo nilipoanza kutafuta namna ya kuibadili mbao yenyewe.

Jaribio la kwanza ni lile la kila mtu: oili chafu ya gari. Nililoweka mbao tano wiki moja. Usifanye, hasa kwa mbao za ndani au za kukalia watu. Niliposhusha msumeno katikati ya ubao nilikuta weusi umeingia milimita mbili tatu, ndani paini nyeupe kama ilivyokuwa. Varnishi haishiki, nguo za wateja zinachafuka, na oili iliyotumika kwenye injini ina vitu ambavyo hutaki mtoto aviguse. Mbao zile zilicheza vilevile, yaani zilivimba na kusinyaa kama zamani.

La pili lilikuwa boraksi na asidi ya boriki, dawa za unga za kuzuia wadudu na kuvu. Hili nimebaki nalo mpaka leo kwa kazi za ndani. Kilo 3 za boraksi na kilo 2 za asidi ya boriki kwenye lita 50 za maji ya moto. Mbao iwe bado mbichi, kwa sababu dawa inasafiri ndani kwa kufuata maji yaliyomo. Naziloweka usiku kucha, nazipanga zikiwa zimebanana, nazifunika nailoni wiki nne, ndipo naanza kuzikausha. Vaa glavu na usitumie chombo kitakachorudi jikoni. Fremu na makabati niliyotibu hivyo hayajatoa ule unga wa mbao iliyobunguliwa. Ila mvua huiosha dawa hii ikatoka, kwa hiyo nje haifai. Na haizuii kuvimba hata kidogo.

Hapa ndipo nilipogundua nilikuwa nachanganya magonjwa mawili. Kuna kuoza na kuliwa, na kuna kucheza. Dawa ya ugonjwa mmoja si lazima iguse mwingine. Nguzo za umeme tunazoziona barabarani zimeingizwa dawa kwa mtungi wa presha: kwanza hewa inanyonywa kwenye mbao, kisha dawa inasukumwa ndani. Ni njia ambayo John Bethell aliisajili Uingereza mwaka 1838 kwa kreosoti, yale mafuta meusi ya lami. Zile mbao za kijani zenye shaba, kromu na arseniki zinapita humohumo. Zinadumu ardhini vizuri sana, lakini zinavimba na kusinyaa kama zisizo na dawa. Na kwa kuwa nimeona vipande vyake vikichukuliwa kwenda kuwashia jiko, nasema wazi: mbao ya kijani haichomwi. Arseniki inabaki kwenye majivu na nyingine inapanda na moshi.

Kwa ugonjwa wa kucheza, nilisoma usiku kwa simu miezi kadhaa. Nitaeleza nilivyoelewa mimi. Kuta za chembe za mbao zimejaa viti vidogo ambavyo maji hupenda kukaa. Wakemia wanaviita haidroksili. Maji yakikaa, ukuta unanenepa. Yakiondoka, unakonda. Unaweza kuvunja viti. Unaweza kumkalisha mgeni mwingine asiyeondoka. Au unaweza kujaza chumba kizima. Kumkalisha mgeni ndiyo kazi inayofanyika Arnhem, Uholanzi, ambako tangu mwaka 2007 paini aina ya radiata inapikwa na anhidridi ya asetiki, kemikali jamaa ya siki, na kuuzwa kwa jina Accoya. Nilishika fremu yake kwenye kazi moja Unguja. Inanuka siki kidogo, na lazima utumie skrubu za stenlesi, maana asidi iliyobaki inakula misumari ya kawaida. Kujaza chumba ndiko wanakofanya Wanorwe wa Kebony kwa kemikali iitwayo alkoholi ya furfurili, inayotokana na mabaki ya miwa na mazao mengine. Hata meli ya Vasa ya Uswidi, iliyozama mwaka 1628 na kuibuliwa mwaka 1961, ilinyunyiziwa nta ya kemikali miaka 17 ili nta ichukue nafasi ya maji isije ikapasuka ikikauka. Kemikali hizo sikuwa na uwezo nazo, na baadhi yake ni hatari kwa mtu wa karakana ya bati.

Iliyobaki ni kuvunja viti, na hiyo inafanywa kwa moto. Ukiipasha mbao kati ya nyuzi 160 na 220 bila hewa, ile sehemu yake inayoitwa hemiselulosi, ambayo ndiyo inayokunywa maji kupita zote na ndiyo chakula rahisi cha kuvu, inavunjika. Finland walilifanya hilo kuwa kiwanda miaka ya 1990 na kuliita ThermoWood. Kabla yao, Marekani, Alfred Stamm na wenzake wa maabara ya mazao ya misitu kule Madison, Wisconsin, walikuwa wamepasha mbao ndani ya metali iliyoyeyushwa ili hewa isiifikie, wakachapisha matokeo mwaka 1946. Niliposoma hilo nilipata moyo. Niliona ni suala la chuma, moto na uvumilivu, na hivyo vyote ninavyo.

Nilichomesha boksi la bati la milimita 3, urefu mita 2.6, ndani ya boksi jingine, katikati mchanga, chini tanuri la maranda na vipande vya mbao. Pipa dogo la kuchemshia maji linapeleka mvuke ndani kwa bomba ili kuisukuma hewa nje. Vipima joto viwili vya waya, kimoja hewani na kimoja kwenye tundu nililotoboa mpaka moyo wa ubao. Jumla shilingi 1,850,000.

Mkupuo wa kwanza niliharakisha. Mbao zilikuwa na unyevu wa 15 na nilizipeleka mpaka nyuzi 190 kwa saa tano. Nilisikia milio ndani kama bisi. Kwa nje zilitoka nzuri, rangi ya asali iliyoungua. Nilipokata, ndani zilikuwa zimepasuka mashimo mashimo kama sega la nyuki. Maji yalikuwa yametafuta njia ya kutokea kwa nguvu.

Mkupuo wa pili ndio ambao siupendi kuukumbuka. Nilikwenda polepole, siku nzima mpaka 130, siku ya pili mpaka 195. Saa kumi jioni nikatoa moto. Saa tatu usiku kipima kikasoma 170, na mimi nilitaka kuona. Nikamwambia kijana wangu wa karakana tufungue kidogo tuchungulie. Mbao yenye joto lile inachosubiri ni hewa tu. Mlango ulipoachia kiganja kimoja, mwali ukatoka kwa kishindo. Mimi niliungua nyusi. Yeye alikuwa ameshika mpini, aliungua mkono wa kulia kuanzia vidole mpaka karibu na kiwiko. Alikaa hospitali siku sita. Nililipia matibabu, nikamlipa mshahara wake miezi miwili akiwa nyumbani, na nilikwenda kwa mama yake Mabokweni kuomba radhi kwa mdomo wangu. Alinisikiliza, akanikaribisha chai, akaniambia, "Mwanangu alikuamini." Mpaka leo nikikumbuka maneno hayo nashindwa kumaliza nilichokuwa nafanya.

Kwa hiyo kama utajaribu kitu cha namna hii, na ningependa ujaribu ukiwa na mtu anayejua matanuri, boksi halifunguliwi mpaka moyo wa mbao usome chini ya 90. Wakati wa kupoa mvuke uendelee kuingia, kwa sababu boksi linapopoa linavuta hewa ya nje kupitia kila upenyo. Ndoo za mchanga ziwe karibu. Na usiku usifanye, kwa sababu uchovu ndio ulioufungua ule mlango.

Kijana alirudi kazini mwenyewe, sikumwita. Mkupuo wa tatu ulichukua siku tatu: ya kwanza kupanda mpaka 100, ya pili 130 mpaka uzito wa kipande cha majaribio ukaacha kushuka, ya tatu 190 kwa saa tatu kisha kupoa mpaka asubuhi ya nne. Mbao 26 zilitoka kahawia iliyokolea mpaka ndani, zinanuka moshi na sukari iliyoungua. Watu waliopita karakanani waliuliza kama ni mninga.

Nilikata vipande viwili vyenye upana wa milimita 100, kimoja cha paini kavu ya kawaida, kimoja kilichopikwa. Nikavizamisha ndooni kwa jiwe wiki mbili. Cha kawaida kilifika 104.3. Kilichopikwa 102.2. Nusu ya kiu ilikuwa imeondoka. Nilipiga simu Pangani usiku uleule kumwambia yule mama nitambadilishia kibaraza.

Na nikamwambia neno ambalo sikuwa nimelipima. Nilimwambia hata mchwa hawataigusa. Nilidhani kitu kisichoozeshwa na kuvu hakiliwi na mchwa pia. Alinilipa shilingi 600,000 za mwanzo. Nilikuwa nimechimbia vijiti viwili nyuma ya karakana, kimoja kilichopikwa na kimoja kisichopikwa, kwa uhakika tu. Baada ya miezi mitatu nilivifukua mbele ya fundi mwenzangu. Vyote viwili vimeliwa, kilichopikwa kimebaki ganda. Nilipanda pikipiki na zile 600,000 mfukoni nikamrudishia, nikamweleza nilikosea. Aliniangalia muda mrefu, akanirudishia laki nne akasema, "Haya, nitengenezee, ila isiguse udongo."

Ndivyo kilivyojengwa. Kila mguu umekaa kwenye kiatu cha chuma juu ya tofali la zege, sentimita 15 kutoka ardhini, ili njia ya mchwa ionekane kabla hawajafika. Mihimili ya chini ni mbao ya kijani yenye dawa, kwa sababu mbao iliyopikwa imepungua nguvu na inavunjika ghafla kama biskuti. Nililijua hilo kwa kukanyaga ngazi niliyoitengeneza mwenyewe. Usiitumie kwenye kenchi za paa, ngazi, wala kitu chochote kinachobeba mtu bila mhimili chini yake. Ukipiga msumari bila kutoboa kwanza inapasuka. Gundi ya maji inaingia polepole, mimi nabana mara mbili ya muda wa kawaida. Vumbi lake ni laini kuliko la paini ya kawaida, kwa hiyo vaa barakoa wakati wa kupiga msasa. Jua linaigeuza kijivu ndani ya miezi kama mbao nyingine yoyote, kwa hiyo yule mama akitaka ile rangi ya mninga anapaka mafuta ya kitani kila baada ya masika.

Boksi langu halipiki sawasawa. Pembe moja inafika 210 wakati nyingine iko 175, naona kwenye rangi. Kwa hiyo kila mkupuo nachambua: zilizokolea zinakwenda kwenye madirisha na vibaraza, zilizopauka zinakwenda ndani. Siuzi kama bidhaa ya kiwanda na bei nasema kabla. Kuni, maji na siku nne za watu wawili zinaongeza karibu theluthi mbili ya bei ya mbao. Kwa mlango wa chumbani hailipi. Kwa mlango wa chumbani kausha vizuri, loweka boraksi, acha paneli ielee, acha mwanya wa milimita nne kama unafunga kiangazi na mbili kama unafunga masika. Hiyo peke yake ingeniokoa milioni mbili na laki tatu.

Mwaka huu masika ilipokolea nilikwenda Pangani bila kuitwa. Nilipitisha sarafu ya shilingi mia pembezoni mwa milango 14, moja baada ya moja, ikapita yote isipokuwa chumba namba 6, ambacho bafu lake halina dirisha. Pale nimependekeza waweke tundu la kutolea mvuke. Kibaraza kimetulia, ubao mmoja una ufa kichwani nilipopiga skrubu karibu mno na ncha.

Nyuma ya karakana nina vijiti vinane ardhini sasa hivi, viwili vya kila aina: vilivyopikwa, vya boraksi, vya kijani, na viwili ambavyo mzee wa majahazi alinipa, amevilaza kwenye maji ya bahari miezi sita kisha akavipaka sifa. Kijana ndiye anayeandika daftari, kwa mkono wa kulia. Tutavifukua Disemba.